Mavuno ya Bustani Yanapozidi: Yanayoaminiwa Jikoni na Yaliyo Kweli

Bustani ya majira ya joto haigawi mavuno yake kwa mizani. Kwa wiki nyingi mtu huichungulia asione zaidi ya maua, kisha nyanya zinaiva zote kwa mkupuo, maharage machanga yanaanza kukomaa kabla ya kuchumwa, na zukini, boga lile jembamba la kijani linaloliwa pamoja na ganda lake, ambayo juzi ilikuwa na urefu wa kidole, leo inalingana na kigasha. Katika haraka ya kuokoa mavuno, mpishi hushika yale aliyoyasikia, na mengi kati ya hayo humpotezea ladha tu, ila mawili matatu yanaweza kumfikisha hospitalini.

Tuanze na lililo jepesi. Wengi huamini kwamba mboga ikitoka shambani ioshwe papo hapo na kuingizwa kwenye jokofu, iwe ya aina gani. Unyevu unaobaki juu ya ganda ndio unaoharakisha kuoza, kwa hiyo ni heri kupangusa udongo kwa kitambaa kikavu na kuosha wakati wa kupika. Nyanya ambayo haijaiva vizuri ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 12 za Selsiasi hushindwa kujenga harufu yake, na nyama yake huwa ya ungaunga. Iachwe mezani hadi iive, na ikishaiva kabisa ndipo inaweza kuvumilia jokofu kwa siku chache. Matango na bilinganya nazo huumizwa na baridi kali, hufanya mabaka na kulainika.

Zukini iliyopitiliza ukubwa huhesabiwa kuwa haifai ila kwa lundo la mboji. Hilo si kweli, ingawa ni kweli kwamba haipikiki kama changa. Ipasue kwa urefu, uchote mbegu na ule ute wa katikati kwa kijiko, kisha uikwaruze kwenye kikwaruzo na kuinyunyizia chumvi kidogo. Baada ya dakika 20 utakuta imelowa. Ikunje ndani ya kitambaa safi na kuikamua kwa mikono miwili, na maji ya kijani yatachuruzika mpaka ushangae yalikuwa yamejificha wapi. Kinachobaki ni konzi mbili za mboga kavu inayokaangika vizuri, inayoshikana na yai na unga, na isiyogeuza mchuzi kuwa maji. Mapishi mengi ya zukini huharibika kwa sababu ya maji hayo, wala si kwa ukosefu wa viungo.

Ukubwa, basi, si tatizo. Tatizo ni uchungu. Ipo dhana kwamba zukini au boga chungu litatengemaa likipikwa kwa muda mrefu au likiongezewa chumvi na sukari. Uchungu huo hutokana na kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo moto wa jikoni hauziondoi, na hujitokeza hasa pale mtu anapopanda mbegu alizojiwekea mwenyewe baada ya mimea yake kuchavushwa na maboga ya mapambo. Mwaka 2015, nchini Ujerumani, mzee mmoja alifariki dunia baada ya kula zukini chungu zilizolimwa nyumbani. Kata kipande kidogo kikiwa kibichi, kiguse kwa ncha ya ulimi, na kikiwa kichungu ukiteme na kutupa boga zima.

Bilinganya yenyewe husingiziwa uchungu kuliko inavyostahili. Mbegu nyingi za kisasa zimeteuliwa zisiwe chungu, na anayesema kwamba lazima vipande vikae kwenye chumvi ili uchungu utoke anarudia ushauri wa zamani. Hata hivyo chumvi ina kazi nyingine: hutoa maji, huvunja vile vitundu vya hewa vilivyomo ndani, na hivyo bilinganya hainywi mafuta kama sifongo.

Kuhusu virutubisho, husemwa kwamba kupika ni kuviua. Vitamini C hupungua kweli kwa joto, na zaidi huyeyukia kwenye maji yanayomwagwa, lakini laikopini, rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa mwilini kwa urahisi zaidi nyanya zikishapikwa na mafuta kidogo. Ndoo ya nyanya iliyochemshwa polepole hadi kuwa rojo zito haijapoteza thamani yake.

Anayetaka kugandisha huambiwa atie tu kwenye mfuko na kufunga. Baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya vya mboga, yaani protini zinazoendelea kuibadilisha hata baada ya kuchumwa, bila kuvizima, na maharage machanga yaliyogandishwa mabichi, baada ya miezi michache, huwa na ladha ya nyasi kavu. Yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, yahamishie mara moja kwenye maji ya barafu, yakaushe, na uyatandaze kwenye sinia hadi yagande moja moja kabla ya kuyafunga. Pilipili hoho na nyanya hazihitaji hatua hiyo.

Dhana ya hatari kuliko zote inahusu chupa za kioo: kwamba mboga ikichemshwa ndani ya chupa kwa saa kadhaa na kifuniko kikajibana, basi ni salama. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huacha vijimbegu sugu vinavyostahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo na asidi ya kutosha vijimbegu hivyo huamka na kutengeneza sumu inayopoozesha misuli, hata ya kupumulia. Mpaka wake ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi hupungua). Maharage, zukini, bilinganya na pilipili hoho ziko juu ya mpaka huo, na maji ya kawaida hayapiti nyuzijoto 100 hata yachemke kutwa. Mboga za namna hiyo zinazohifadhika kwenye chupa huhitaji chombo cha presha kinachofikia takribani nyuzijoto 116 au zaidi, kwa muda uliopimwa kwa kila mboga. Nyanya ziko mpakani kabisa, ndiyo maana huongezewa vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya chupa kwa kila lita; ya chupa, kwa kuwa asidi yake haibadiliki kama ya tunda. Wala pua si mlinzi, kwa sababu sumu hiyo inaweza kuwapo bila harufu wala povu. Kitunguu saumu kilichotumbukizwa kwenye mafuta na kuachwa juu ya kabati kina hatari ileile.

Siki nayo haisamehi kupunguzwa. Achari ya kukaa kabatini hutegemea siki yenye asidi ya asilimia 5 na vipimo vilivyojaribiwa, kwa hiyo anayeona ni kali mno aongeze sukari, asiongeze maji. Kwa tango lililonenepa bustanini ipo njia isiyo na mashaka: limenywe, litolewe mbegu, likatwe vipande vyembamba, limwagiwe siki, chumvi na sukari kidogo, na liingie kwenye jokofu. Kesho yake huwa tayari.