Je, wajua kuwa kidinga pepo ya Unguja huenda haikuwa dengue?

Fungua kamusi ya Kiswahili, utafute kidingapopo. Utaambiwa ni homa ya dengue, na jambo litaishia hapo. Lakini ukisoma maandishi ya daktari aliyeushuhudia ugonjwa wa jina hilo Unguja mwaka 1870, utaanza kuwa na shaka.

Daktari huyo ni James Christie, Mskoti aliyetibu watu Unguja katika miaka ya 1860 na 1870. Wengi wanamfahamu kwa kitabu chake cha 1876 kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, mwaka 1872, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza makala kuhusu maradhi ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo. Pepo, si popo: mtu alishikwa ghafla kama aliyepandwa na pepo. Jina lilikuja kugeuka midomoni.

Christie alieleza homa ya ghafla, vipele, na maumivu makali ya viungo. Homa iliondoka upesi. Maumivu ya viungo yalibaki, hata kwa majuma. Wazee wa mji wakamwambia kwamba ugonjwa huo si mgeni, uliwahi kufika karibu nusu karne nyuma, mnamo 1823 hivi, kwa jina lilelile. Nashukuru kwamba aliwauliza, na zaidi kwamba aliandika walichomjibu. Madaktari wangapi wa zama zile waliona kumbukumbu ya mzee wa Kiswahili inastahili kutiwa wino?

Hakuna aliyehifadhi damu ya wagonjwa wale, na virusi havikuwa vimejulikana bado. Tulichobakiwa nacho ni maneno kwenye karatasi, basi. Sasa mtu hujuaje maradhi ya miaka 150 iliyopita?

Jibu lilianzia Newala. Mwaka 1952 na 1953 homa ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ikawakunja watu viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wamakonde waliuita chikungunya, neno linalotokana na kitenzi chao chenye maana ya kujikunja. Virusi vyake vikatambuliwa, na vikaonekana kuwa tofauti na vya dengue. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey akarudi kwenye maandishi ya kale, ya Christie yakiwemo, akaliweka jina kando na kusoma dalili. Maumivu ya viungo yanayong'ang'ania baada ya homa kwisha ni alama ya chikungunya kuliko dengue. Hitimisho lake: ugonjwa wa 1823 na ule wa 1870 yaelekea ulikuwa chikungunya.

Hata neno dengue lenyewe huenda lina damu ya Kiswahili. Wapo wanaoamini kwamba "dinga" ilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, ambako ugonjwa wa namna hiyo ulienea mwaka 1827 na 1828, na huko ikavaa umbo la neno la Kihispania. Baadaye madaktari wakalibakiza jina hilo kwa virusi vingine kabisa. Ndiyo maana anayetafuta historia ya chikungunya katika maktaba akiandika neno "chikungunya" peke yake ataambulia patupu kwa kila karatasi iliyotangulia miaka ya 1950. Lazima atafute kidinga pepo, atafute dengue, kisha asome kila ukurasa kwa subira.

Na asisome karatasi za madaktari tu. Mbu aenezaye virusi vya chikungunya, Aedes aegypti, hutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa karibu na watu. Uwanda wa Makonde hauna mito, hivyo maji yaliteremkiwa mbali bondeni na kuwekwa majumbani. Mbu akapata pa kuzalia. Melini kulikuwa na mapipa ya maji. Kwa hiyo rekodi za mvua, habari za visima na orodha za vyombo vilivyotia nanga nazo ni ushahidi wa tiba, ingawa hakuna mganga aliyeziandika. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, na zile za serikali ya Bombay zilizohifadhiwa London, ndiko mahali pa kuanzia, kwa kuwa wakati ule ubalozi wa Uingereza Unguja uliripoti pia Bombay.

Kutoka Unguja, ugonjwa wa 1870 ulifika Aden, na kufikia 1872 ulikuwa umeenea India. Sasa tazama mwaka 2004. Baada ya ukame, wakati maji yalikaa muda mrefu vyomboni bila kubadilishwa, chikungunya iliipiga Lamu; uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ikafuata Mombasa, kisha Komoro na kisiwa cha Réunion mwaka 2005, na 2006 ikawa India. Kutoka pwani yetu, ukavuka bahari, ukafika India: njia ileile ya ugonjwa wa 1870, ila safari hii virusi vilipanda ndege.