Beseni la batiki na hewa: kwa nini haidrosi huisha kabla ya rangi

Maelekezo mengi ya batiki yanayozunguka mtandaoni hupima kwa vijiko: rangi vijiko viwili, kostiki soda viwili, haidrosi viwili, maji ya moto, koroga. Hayasemi kila kimoja kinafanya kazi gani, ndiyo maana fundi akipata kitambaa chenye mabaka hajui aanze wapi kutafuta kosa. Mimi nitaanza na hewa. Hewa ndiyo inayoamua karibu kila kitu kwenye beseni hilo, tangu rangi kushika hadi maji machafu kuua samaki mtoni.

Rangi za unga zinazokorogwa kwa kostiki na haidrosi ni za jamii ya vati. Nili, yaani indigo, ni ndugu yao wa zamani. Indanthroni, buluu iliyofungua njia kwa rangi za kisasa za jamii hii, iligunduliwa na René Bohn wa kampuni ya BASF, Ujerumani, mwaka 1901. Sifa yao ya ajabu ni kwamba haziyeyuki kwenye maji hata uchemshe kutwa nzima. Haidrosi, yaani haidrosalfaiti ya sodiamu, huzipa elektroni na kuzibadilisha umbo. Kostiki nayo hulifanya umbo hilo liyeyuke. Hapo ndipo rangi inapopenya ndani ya nyuzi za pamba. Ukikitoa kitambaa, oksijeni ya hewani huirudisha rangi kwenye umbo la kwanza, lile lisiloyeyuka, ikiwa tayari imeshanaswa ndani. Batiki iliyotiwa rangi vizuri haichuji kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo hewa unaihitaji, ila mwishoni. Ikiingia mapema inaharibu kazi, na inaingia kila unapokoroga kwa fujo, kila unapoinua kitambaa kukitazama, na kupitia uso mpana wa beseni. Oksijeni hula haidrosi, na katika mmenyuko huohuo kostiki inaliwa pia: kila gramu 10 za haidrosi zinazokufa kwa hewa huondoka na karibu gramu 5 za kostiki. Hili watu wengi hawalijui. Beseni likichoka wanaongeza haidrosi peke yake, rangi inaamka kidogo kisha inaganda tena, maana kostiki nayo imekwisha.

Acha vijiko, nunua mizani ya jikoni. Unga wa rangi, vipande vya kostiki na haidrosi havilingani uzito hata kidogo kijiko kwa kijiko. Kwa mita nne za pamba nyepesi, kama nusu kilo ya kitambaa, naanzia hapa: maji lita 10, rangi gramu 12, kostiki gramu 80, haidrosi gramu 60. Ukitaka rangi iliyokolea sana, ongeza rangi hadi gramu 20, vingine viache vilevile.

Tatizo la batiki ni nta, ile inayochora michoro kwa kuzuia rangi. Rangi nyingi za vati hupenda kuyeyushwa kwenye nyuzi joto 50 hadi 60, na parafini ya mishumaa huanza kulainika humohumo. Ukiweka maji ya moto beseni zima, michoro inavuja. Ukitumia ya baridi, rangi haiyeyuki. Njia ni kuigawa kazi. Changanya rangi na matone machache ya spiriti iwe kama uji mzito, mimina lita moja ya maji ya nyuzi 60, tia gramu 30 za kostiki zilizokwisha yeyushwa pembeni, kisha nyunyiza gramu 20 za haidrosi. Koroga taratibu, funika, subiri dakika 10 hadi 15. Wakati huo andaa lita 9 za maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hivi, yenye kostiki na haidrosi iliyobaki. Haidrosi hii ya pili ni ya kumaliza hewa iliyomo kwenye maji kabla rangi haijaingia. Kisha miminia rangi chini ya uso wa maji, usiimwage kutoka juu.

Buluu za jamii ya indanthroni usizipeleke zaidi ya nyuzi 60. Zinapewa elektroni kupita kiasi, na buluu yako inatoka imefifia.

Rangi ya maji isikudanganye. Nili iliyoiva beseni lake lina maji ya njano-kijani na utando wa buluu juu. Njano ya flavanthroni huwa buluu kabisa. Maji yakirudi kuwa na rangi ya unga ulionunua, na chembechembe zinaonekana, haidrosi imekufa. Indanthroni yenyewe inabaki buluu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kwake angalia chembe, siyo rangi.

Kitambaa kiingie kikiwa kimeloa, kizame chote, kikae dakika 20 hadi 30. Kunjo lililochungulia juu ya maji ndilo baka utakaloliona kesho. Kikitoka kitundike kivulini robo saa au zaidi kabla ya kusuuza. Ukisuuza mapema unaifukuza rangi ambayo bado inayeyuka.

Mabaka mengine hayatoki kwenye beseni. Pamba mpya ya jora ina wanga na mafuta. Dondoshea tone la maji: likizama ndani ya sekunde moja au mbili, kitambaa kiko tayari, likikaa juu kama shanga, kifue kwa maji ya moto na sabuni kwanza. Na kama kina poliesta, nyuzi zile hazitashika rangi hii kwa joto hili, utapata kitambaa chenye mvi. Choma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Sufuria ya alumini usiiguse kabisa. Kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Tumia plastiki, chuma kisichoshika kutu, au bakuli la enameli lisilobanduka. Kostiki itiwe kwenye maji ya baridi, siyo maji juu ya kostiki. Kopo la haidrosi liwe kavu na limefungwa; unyevu kidogo ukiingia unga hujipasha joto wenyewe, hutoa moshi unaowasha koo, na unaweza kushika moto.

Kuchemsha kwa sabuni mwishoni watu wanakuona ni kutoa nta tu. Kunafanya zaidi ya hapo: chembe za rangi ndani ya nyuzi hujipanga upya, rangi inapata uso wake wa kweli, na iliyobaki juu juu huondoka badala ya kupaka shingo la mvaaji. Nta iliyosalia pia inaharibu starehe ya vazi. Kwenye hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8.5 ya uzito wake, poliesta asilimia 0.4 tu. Ukiiacha pamba na parafini umeifanya jamaa ya poliesta: jasho halinyonywi, linabaki mgongoni. Chemsha mara mbili, kwa maji mapya, na uenguze nta inayoelea kila mara. Kostiki iliyobaki huwasha ngozi. Loweka kipande cha karatasi nyeupe kwenye bizari ya manjano iliyochanganywa na spiriti, kikaushe, kisha kidondoshee maji ya kusuuzia. Kikigeuka wekundu wa hudhurungi, endelea kusuuza.

Sasa ile ndoo inayomwagwa mtaroni. Gramu 60 za haidrosi, zikimwagwa hai, zinahitaji takriban gramu 16 za oksijeni ili zitulie. Maji safi ya mto yana miligramu 8 hivi kwa lita, kwa hiyo beseni moja linaweza kunyonya oksijeni yote ya lita 2,000. Kanuni za ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka maji taka yawe na pH, kipimo cha ukali wa asidi au alkali, kati ya 6.5 na 8.5, na mahitaji ya kemikali ya oksijeni, yaani oksijeni inayoliwa na uchafu wake, yasiyozidi miligramu 60 kwa lita. Beseni hili likiwa hai linaanzia juu ya 1,600, na pH yake ni 13.

Uzuri ni kwamba rangi za vati ni rahisi kuliko rangi za riaktivu, zile zinazoungana kikemikali na nyuzi, katika hatua hii. Za riaktivu huacha majini rangi iliyoyeyuka pamoja na chumvi nyingi, na chumvi haichujiki kwa kitambaa. Ya vati inaganda yenyewe ikipata hewa. Mimina maji kutoka ndoo hadi ndoo, mara nyingi, yapumzishe usiku mzima kwenye karai pana, mimina tena asubuhi. Ukiwa na pampu ya hewa ya tangi la samaki, iache ifanye kazi hiyo.

Asidi usiitie kabla ya hapo. Haidrosi hai ikikutana na asidi hutoa gesi ya salfa dioksidi, na chumba kidogo kinatosha kukuumiza mapafu. Wengi hutumia siki. Mimi siipendi, kwa sababu siki yenyewe ni chakula cha vijidudu na huongeza mahitaji ya oksijeni uliyohangaika kuyapunguza. Natumia shabu, ile ya kutuliza maji. Gramu 4 hivi za shabu humaliza gramu moja ya kostiki, na papo hapo hutengeneza mawingu meupe yanayozoa chembe za rangi. Beseni letu, ambalo karibu theluthi ya kostiki imeshaliwa, hutaka karibu gramu 200, zitiwe kidogo kidogo nje ya nyumba, hadi karatasi ya bizari ibaki njano. Usipitilize: shabu iliyozidi huyeyuka na kubaki majini. Acha yatulie saa kadhaa, chuja kwa kitambaa kizito, tope lianikwe kwenye plastiki lisirudi udongoni. Maji yaliyochujwa yanafaa kusafishia sakafu ya karakana. Mchicha usiumwagilie, sodiamu iliyomo itagandisha udongo wa tuta.