Ligi za bolingi Marekani: yanayosemwa na yalivyo kweli

Bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kwenye njia ndefu uangushe pini kumi zilizosimama mwishoni, ikitajwa tu nasikia yaleyale, mchezo wa wazee, umekufa, Wamarekani wenyewe wameuchoka. Mimi naupenda sana huu mchezo kwa hiyo ngoja tuyaweke sawa.

Dhana: Ligi zimeporomoka kwa sababu watu waliacha kucheza.
Hapana, na hii ndo inayoniuma kuliko zote. Kati ya 1980 na 1993 wachezaji wa bolingi Marekani waliongezeka kama asilimia 10, ila wa ligi wakapungua asilimia 40. Yani watu wapo, kilichopotea ni ile ahadi ya kila wiki. Ligi ya zamani ilikuwa hivi: timu ya watu watano, siku ileile ya wiki, kuanzia Septemba mpaka Aprili au Mei, na usipotokea wenzako wanaandikiwa wastani wako wa alama ukiwa umekatwa pini, yani alama, kama 10 hivi, halafu hela ya wiki unalipa vilevile! Miji ya viwanda kama Detroit na Milwaukee iliweza kwa sababu shifti ilijulikana, mnatoka kiwandani pamoja mnaenda kucheza pamoja, hadi waliotoka shifti ya usiku walikuwa na ligi zao za asubuhi. Viwanda vikapungua, saa za kazi zikawa hazieleweki, baba na mama wote kazini, sasa nani atakuahidi kila Jumanne kwa miezi minane? Ndo maana siku hizi unakuta ligi za wiki 10 au 12, timu ya watu watatu.

Dhana: Zamani ligi zilikuwa za kila mtu.
Za nani? Chama cha bolingi cha ABC (American Bowling Congress) kilichoanzishwa New York 1895 kilikuwa cha wanaume weupe tu. Wanawake wakaunda chao St. Louis 1916, na wachezaji weusi wakaunda cha kwao Detroit 1939. Ubaguzi wa rangi ulifutwa 1950 tu, tena baada ya kusukumwa sana, chama cha wafanyakazi wa magari UAW kikiwa mstari wa mbele. Wanaume na wanawake kuwa chini ya chama kimoja, USBC (United States Bowling Congress), ni 2005 hiyo, juzi tu.

Dhana: Alama zimepanda kwa sababu wa sasa ni wakali kuliko wazee.
Wakali wapo, sibishi, ila tuangalie vifaa. Matufe yalianza ya mti mgumu, yakaja ya mpira, ya plastiki, ya yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yale ya rezini ambayo yanang'ata njia kwelikweli. Halafu kuna mafuta. Kwenye ligi za kawaida njia inapakwa mafuta mengi katikati na kidogo pembeni, kwa hiyo ukirusha ukakosea kwenda nje tufe linakutana na pakavu, linashika, linarudi lenyewe kwenye pini. Ukikosea kuja ndani mafuta yanalishikilia. Mchukue mchezaji huyohuyo wa ligi mwenye wastani wa alama 210 umpeleke kwenye mafuta ya mashindano yaliyopakwa karibu sawa njia nzima, uone wastani unavyoshuka.

Dhana: Mashine za kupanga pini zimekuwepo siku zote.
Hapana, waliopanga pini walikuwa vijana, wanakaa nyuma ya njia, wanaokota pini kwa mikono na kurudisha tufe, na tufe la kilo 7 linakuja huku wao wako hukohuko. Mashine ya kampuni ya AMF ilionyeshwa Buffalo 1946 na ikaanza kuenea miaka ya 1950, na hapo ndo kumbi zikaweza kuendesha ligi nyingi mpaka usiku wa manane.

Na mabadiliko hayajaisha, kumbi nyingi sasa zinafunga pini kwa kamba maana mashine zake ni rahisi kutunza. Mwaka 2023 USBC ikaziruhusu rasmi, ila kama aina yake ya mchezo, isichanganywe na ile ya pini zisizo na kamba, na mimi naona wamefanya sawa, kwa sababu pini yenye kamba haianguki vilevile.