Je, wajua kwa nini tasnifu za vyuo vingi zina namba 123456789?

Fungua tasnifu kwenye hazina ya kidijitali ya chuo kikuu, yaani ile tovuti ambamo maktaba huweka kazi za wanafunzi na wahadhiri wake, kisha soma anwani yake hadi mwisho. Si ajabu ukakuta neno handle, halafu 123456789, mkwaju (alama ya /), na namba fupi, tuseme 45. Hamia kwenye hazina ya chuo kingine, kilicho bara jingine na kinachofundisha mambo mengine kabisa. Unaweza kuikuta 123456789 huko nako.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, na halikuwa sahihi. Nilijua kwamba maktaba hupanga vitabu kwa namba za mada: katika mfumo wa Dewey, sayansi iko kwenye 500, historia na jiografia kwenye 900. Basi nikaamini 123456789 ni namba ya aina hiyo, pengine ya tasnifu, ambayo wakutubi wa dunia nzima wamekubaliana kuitumia.

Kosa hilo lilizaa jingine lililo kubwa zaidi. Ukurasa wa tasnifu niliyokuwa nikiitegemea ulikuwa na mstari unaomtaka msomaji atumie kitambulisho kilichoandikwa pale kila anaponukuu: hdl.handle.net/123456789/, kisha namba ya tasnifu yenyewe. Kwa kuwa maktaba ndiyo iliyosema, nilikinakili kama kilivyo na kukiweka kwenye marejeo ya makala yangu. Sikukibonyeza hata mara moja. Msomaji mmoja alikibonyeza, akajibiwa kwamba kitu hicho hakipo. Nikadhani tasnifu imefutwa. Nilipoitafuta kwa kichwa chake niliikuta palepale kwenye hazina ya chuo, kurasa zote zikiwa salama.

Ukweli ni kwamba 123456789 si namba ya mada, wala ya nchi, wala ya chuo. Ni nafasi iliyoachwa ili ijazwe. Fomu nyingi huja na mfano uliokwisha kuandikwa, na penye jina la mwombaji pameandikwa Fulani bin Fulani. Anayejaza fomu anatakiwa kufuta jina hilo na kuandika lake. 123456789 ndiye Fulani bin Fulani wa hazina za vyuo, na vyuo vingi vimeiwasilisha fomu bila kumfuta.

Fomu yenyewe ni programu iitwayo DSpace. Ilitolewa mwaka 2002 na maktaba za MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Miaka miwili kabla yake Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilikuwa kimetoa EPrints kwa kazi kama hiyo. Zote mbili ni programu huria, kwa hiyo chuo chochote kinaweza kuzipakua bila kulipia leseni, na DSpace ikaenea duniani kote. Kila nakala yake huja na faili la mipangilio, na ndani ya faili hilo, penye mstari wa kiambishi cha handle, pameandikwa 123456789.

Kiambishi hicho kina kazi gani? Hapa inafaa twende polepole, kwa sababu ndipo uzuri wa jambo lenyewe ulipo.

Fikiria orodha ya majina kwenye simu yako. Ukitaka kumpigia rafiki unagusa jina lake, hukumbuki hata namba. Akibadilisha laini, unarekebisha namba mara moja chini ya jina lilelile, na jina linaendelea kumpata. Anwani ya kawaida ya tovuti ni kama ile namba: hutaja mahali faili lilipo leo. Seva ikibadilishwa, au chuo kikipata jina jipya, anwani inakufa. Kitambulisho cha kudumu ni kama lile jina.

Lakini orodha ya simu ni yako peke yako. Mfumo wa Handle, uliobuniwa katika miaka ya 1990 chini ya Robert Kahn, mmoja wa wabunifu wawili wa itifaki za TCP/IP zinazoendesha intaneti, ni orodha inayosomwa na dunia nzima. Ni lazima basi uhakikishe hakuna majina mawili yanayogongana. Njia yake ni kuligawa kila jina sehemu mbili. Kabla ya mkwaju kuna kiambishi, ambacho chuo hupewa na msajili na hakuna mwingine atakayepewa hichohicho. Baada ya mkwaju kuna namba ambayo chuo chenyewe huipa kila kazi. Kiambishi cha hazina ya MIT, kwa mfano, ni 1721.1.

Ukibonyeza kiungo cha hdl.handle.net, yaani tovuti ya mfumo huu, chenye 1721.1, swali lako hupita hatua mbili. Kwanza rejista kuu huulizwa: nani anayejibia 1721.1? Rejista hiyo haijui tasnifu hata moja. Inachojua ni seva ipi iulizwe. Kisha seva hiyo huulizwa kazi yenyewe iko wapi leo, nayo hutoa anwani ya sasa, na kivinjari chako hupelekwa huko. Ni kama kufika mapokezi ya jengo kubwa. Mhudumu hamjui kila mfanyakazi, ila anajua kila ofisi iko ghorofa gani, na ukifika ofisini ndipo unapoonyeshwa meza ya mtu unayemtafuta. Mtu akihama meza, mapokezi hawahitaji kuambiwa. Ofisi nzima ikihama ghorofa, mapokezi hubadilisha mstari mmoja tu.

Navutiwa sana na jinsi mpangilio huu unavyokwepa kazi isiyo ya lazima. Chuo kinaweza kuongeza tasnifu 300 leo bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, maana namba za baada ya mkwaju ni mali yake. Hata DOI, zile namba za makala za majarida zinazoanza na 10, hupita kwenye mfumo huuhuu.

Sasa peleka 123456789 kwenye mapokezi hayo. Ofisi ya jina hilo haikusajiliwa kamwe, kwa hiyo safari inaishia mlangoni. Na hata mhudumu angetaka kukusaidia, angekupeleka wapi? 123456789/45 inaweza kuwa tasnifu ya kilimo kwenye chuo kimoja, ripoti ya uhandisi kwenye cha pili, na hotuba ya mahafali kwenye cha tatu.

Kwa nini basi mstari huo huachwa bila kujazwa? Kupata kiambishi halisi kunahitaji kujisajili na kulipa ada kila mwaka. Kunahitaji pia seva ya Handle iwe hewani muda wote, na mlango wa mtandao (port) namba 2641 ufunguliwe kwenye kinga ya mtandao ya chuo, jambo ambalo mara nyingi liko mikononi mwa idara ya tehama, si maktaba. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinacholiacha tatizo lidumu ni kwamba ukiwa ndani ya hazina huoni hitilafu yoyote. Anwani inayoanza na jina la tovuti ya chuo na kuishia na handle/123456789/45 hufunguka vizuri kabisa, kwa kuwa DSpace huitafuta kwenye kanzidata yake yenyewe na haihitaji kumuuliza mtu wa nje. Mkutubi akibonyeza kila kiungo kwenye ukurasa wake wa utafutaji vyote vitafunguka. Tatizo linamkuta aliye mbali, siku kiungo kinapopitishwa hdl.handle.net au siku chuo kinapobadilisha anwani ya tovuti.

Nisije nikazidisha. Kuikuta 123456789 hakumaanishi kwamba hazina imetelekezwa. Nimeona hazina zenye namba hiyo ambazo maelezo ya kila andiko yameandaliwa kwa uangalifu mkubwa, kuanzia majina ya wasimamizi hadi maneno ya msingi. Injini za utafutaji huzipata kazi hizo kwa vichwa na majina ya waandishi. Mifumo inayokusanya taarifa kutoka hazina nyingi kwa itifaki ya OAI-PMH nayo haichanganyikiwi, kwa sababu DSpace huwapa kitambulisho kilichotanguliwa na jina la seva. Na kiambishi kilichosajiliwa si kinga peke yake. Orodha ya simu haijui kwamba rafiki yako amebadilisha laini mpaka uirekebishe, na handle nayo hubaki ikielekeza mahali pa zamani mpaka mtu wa maktaba aguse rekodi.

Kosa lenyewe linarekebishika. DSpace ina amri ya kubadilisha kiambishi, update-handle-prefix, ambayo hupitia kanzidata nzima na kuweka kipya mahali pa kile cha mfano. Namba za baada ya mkwaju hazibadiliki: 45 inabaki 45. Kwa sababu hiyo viungo vya zamani vilivyopita kwenye tovuti ya chuo vinaweza kuokolewa, kwa kuiagiza seva impeleke kwenye kiambishi kipya kila anayekuja na cha zamani. Visivyookoka ni vile vilivyokwisha chapwa kwa umbo la hdl.handle.net/123456789. Ofisi hiyo haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kwenda mapokezi kusema wageni wake waelekezwe kwake. Kiungo nilichokiweka kwenye makala yangu ni cha kundi hilo, na kitabaki hivyo.

Siku hizi nikikuta 123456789 kwenye kitu ninachotaka kukinukuu, naandika jina la mwandishi, mwaka, kichwa chote bila kukifupisha, ngazi ya shahada na jina la chuo, kisha ndipo naweka kiungo, kile kinachoanza na anwani ya hazina yenyewe. Nakibonyeza kwanza kwenye kivinjari ambacho hakijawahi kuufungua ukurasa huo. Halafu namwandikia mkutubi wa hazina hiyo barua pepe fupi, nikimtajia mstari wa kiambishi kwenye faili la mipangilio na mlango 2641.