Kabla hujaniuliza habari za dizeli

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kabla ya saa nne asubuhi simu zinaanza. Mwezi huu aliyewahi ni mteja wangu wa Mbeya, mfanyabiashara wa jumla pale Mwanjelwa. "Dada, habari za Dar? Mafuta yameshuka huku, nauli unashusha lini? Au mnataka kula peke yenu?" Nikamjibu kwa upole, maana tumetoka mbali: "Kaka, nitakupigia." Wakati anaongea, semi yangu, lori la trela, yenye mifuko 560 ya unga wa ngano ilikuwa imeegeshwa mbele ya stoo yake tangu Jumanne saa mbili asubuhi. Turubai lilikuwa halijafunguliwa hata kamba moja.

Nimechoka kulijibu swali hili kwenye simu, sasa naliandika.

Watu wanaamini nauli ya mzigo ni dizeli, kwa hiyo dizeli ikishuka, bei dukani ishuke. Isiposhuka, kuna mwizi katikati. Haya, tupige hesabu. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Gari lililobeba tani 28 linakwenda kama kilomita mbili kwa lita. Kwenda na kurudi ni zaidi kidogo ya lita 800. Tuseme dizeli imeshuka shilingi 100 kwa lita: nimeokoa kama 80,000. Nikiitoa yote bila kubaki na senti, nikaigawa kwa mifuko 560, mfuko wa kilo 50 unapungua shilingi 143. Kwa kilo moja haifiki shilingi 3. Mama anayekaanga maandazi asubuhi pale stendi hawezi hata kuiona hiyo pesa.

Sasa tazama upande mwingine. Gari lina rejesho la benki, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), mshahara wa dereva na utingo, tairi 22 zinazozeeka, kodi ya yadi. Vitu hivi vinadai kila kunapokucha, liende lisiende. Chukua mfano wa shilingi milioni 9 kwa mwezi kwa gari moja. Likienda Mbeya mara tatu, kila safari inabeba milioni 3. Likienda mara tano, kila safari inabeba milioni 1.8. Tofauti ni milioni 1.2. Ukiigawa nusu kwa mzigo wa kupanda Mbeya na nusu kwa wa kushuka Dar, ni zaidi ya shilingi 1,000 kwa kila mfuko. Elfu moja dhidi ya 143. Barabara ni ileile, gari lilelile, dereva yuleyule.

Kwa nini basi linakwenda mara tatu badala ya tano? Si kwa sababu dereva anaendesha polepole. Njiani kuna mizani ya kupima uzito wa magari, na sitaki kusikia mtu anailaumu: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56, gari na mzigo pamoja, kwa sababu lami ikishabonyea matairi yako ndiyo yatakayolipa. Kuna mlima Kitonga, gari moja likikwama kwenye kona wote mnalala pale. Hayo nimeyakubali. Ukiwa na dereva mzuri, siku mbili anafika.

Siku zinaliwa kwenye ncha mbili, kupakia na kushusha. Kiwandani gari linaweza kukaa kwenye foleni usiku kucha kwa sababu karatasi ya mzigo haijasainiwa na mwenye kusaini ameshatoka. Lakini la kushusha ndilo linaloniumiza zaidi, maana hapo hakuna mashine iliyoharibika wala karatasi iliyokosekana. Mwenye mzigo hana nafasi stooni. Stoo imejaa sabuni na chumvi, kwa hiyo anauza unga kidogo kidogo kutoka kwenye gari langu: mifuko 40 leo, 60 kesho. Makuli wanakuja, wanafunua pembe moja ya turubai, wanashusha inayotakiwa, wanafunika. Utingo analala juu ya mzigo akilinda. Mwenye mzigo anajiona mjanja, amepata stoo ya bure. Kaka yangu, si ya bure. Unailipia safari ijayo, kwa sababu mimi nikipanga nauli naziweka ndani siku zako mbili. Na mbaya zaidi, naziweka kwa kila mtu, hata yule jirani yako anayepokea gari saa moja asubuhi na kuliachia saa sita akiwa ameshasaini.

Utaniuliza kwa nini nisimtoze demareji, yaani malipo ya kulichelewesha gari. Niliiandika kwenye makubaliano: siku moja bure, kuanzia ya pili unalipa. Wateja wawili wakahamia kwa mwenye gari asiyeiandika. Ushindani ni mkali na gari likikosa mzigo ni hasara kubwa kuliko kusubiri. Hivyo gharama inabaki imejificha ndani ya nauli, ambako haimuumi anayeisababisha.

Twende sasa dukani, maana huko ndiko watu hawafiki wakiongelea usafirishaji. Mwenye duka la rejareja Mbalizi, mji mdogo jirani na Mbeya, ananunua kwa yule wa Mwanjelwa. Akijua unga unafika kila Jumatatu, ataweka akiba ya siku nane na hela nyingine atanunulia mafuta ya kula, sukari, madaftari ya shule. Asipojua kama gari litafika Jumatatu au Ijumaa, ana njia mbili. Aweke akiba ya wiki mbili, na hapo hela yake, mara nyingi ya mkopo, inalala kwenye magunia na riba inatembea. Au asiweke, unga umwishie, na siku hiyo duka la pili lenye mifuko sita ya mwisho lipandishe bei. Kuchelewa kunavumilika, mtu akikwambia siku nne unajipanga kwa siku nne. Kinachoharibu ni kutojua. Gari linalofika kwa siku nne kila safari lina faida kwa mwenye duka kuliko linalofika mara kwa mbili, mara kwa saba.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Mchele unapotoka Mbarali na Kyela, kuanzia mwezi wa tano hivi, kila mwenye gari anataka awe juu apate mzigo wa kurudi. Kipindi hicho nauli ya kupanda Mbeya inashuka hata kama dizeli imepanda, kwa sababu mchele unalipia njia. Mwezi wa pili mchele umekwisha, gari linashuka tupu hadi Dar, na mfuko wa unga uliokwenda juu ndio unalipia kilomita za kwenda na kurudi. Kwa hiyo bei ya kusafirisha unga wa ngano inapangwa pia na mashamba ya mpunga.

Sasa niseme na yanayonipa mashaka. Dizeli ikipanda, sisi wasafirishaji tunapandisha nauli wiki hiyohiyo. Ikishuka tunasubiri kwanza tuone. Hilo ni kweli, na silitetei. Pia sina uhakika kwamba nikiokoa siku, ile elfu moja itamfikia mnunuzi wa mwisho. Tulipata kipindi cha miezi minne mteja mmoja akishusha siku ileile ya kufika. Gari likaenda safari tano kwa mwezi, nikampunguzia nauli. Nikamuuliza bei ya dukani, akasema ni ileile. Iliniuma, nikaona nimefanya kazi bure. Kisha akaongeza kitu ambacho sijakisahau: miezi ile unga haukumwishia hata siku moja, na wenye maduka wa Mbalizi wakaacha kumkopa mifuko ya akiba. Huenda hapo ndipo faida inapokwenda, kwenye siku ambazo bei haikuruka, na siku hizo hakuna anayezihesabu.

Gari lile la Mwanjelwa lilimaliza kushusha Ijumaa saa kumi jioni. Mchele uliokuwa ukilisubiri Ubaruku, kule Mbarali, ulikuwa umeshapakiwa kwenye gari la mtu mwingine tangu Alhamisi. Dereva alishuka mtupu mpaka Mafinga, akalala, Jumamosi akapata mbao za nusu mzigo. Nilimpigia kaka yule kama nilivyoahidi, nikamsomea hesabu hii mstari kwa mstari. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna fremu nyuma ya stoo yake inapangishwa, anakwenda kuiulizia Jumatatu.