Kokoto za reli ndogo: rangi kwanza, na sumaku kabla ya gundi

Kifuko changu cha kwanza cha kokoto za modeli za reli kilitoka Ulaya kwa posta, na bei yake ilinifanya nikifungue kwa heshima. Nilipomwaga kidogo mezani nikaona kokoto nzuri ajabu, ila zilikuwa na uwaridi uliopauka, mawe ya milima ya watu wengine. Reli ninayoiunda kwa udogo ni ile ya geji ya mita, yaani mita moja kati ya reli mbili, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na kuendelea hadi Kisumu mwaka 1901, na mawe yake ni ya kijivu kizito. Kifuko kile bado kipo kwenye droo.

Natumia kipimo cha 1:120, kila kitu kidogo mara 120 kuliko halisi, juu ya njia yenye milimita 9 kati ya reli mbili. Zidisha 9 kwa 120 upate milimita 1,080. Nimeipita geji halisi kwa sentimita 8, na hizo nimejisamehe. Kilichonishinda kusamehe ni mataruma, zile nguzo zinazolala chini ya reli. Reli za milimita 9 zinazouzwa hutengenezwa kwa ajili ya kipimo cha 1:160, kwa hiyo mataruma yake yamebanana mno kwangu. Nakata vijiti vya plastiki vinavyoyaunganisha, kisha nayatenga moja moja. Mita moja hunila jioni tatu, redio ikiniimbia.

Rangi hutangulia kokoto. Anayeanza na kokoto atakuja kupaka kutu kwenye mawe, na mawe hayaoti kutu. Kutu yenyewe nayo huwapotosha wengi, wanainunua ya rangi ya chungwa. Hiyo ni kutu ya msumari uliolala nje kwenye mvua juzi. Ubavu wa reli inayopitiwa na treni ni kahawia iliyoiva, kama kahawa ya rangi isiyotiwa maziwa, na karibu na stesheni, mahali breki zinapokaza na mafuta kudondoka, unaelekea weusi. Nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 hatua chache kutoka stesheni, ukachutame kando ya njia zilizobeba injini kuukuu. Kila mtu hupiga picha namba 5918, Mount Gelai, injini ya mvuke ya aina ya Garratt, ya tani zaidi ya 250, iliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock. Mimi nina picha nyingi zaidi za kilicho chini ya magurudumu yake.

Napulizia rangi ya kahawia isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi, nikiinamisha kopo upande huu na upande ule, maana ubavu wa reli umejificha chini ya kichwa chake. Fanyia kazi hii barazani. Baadaye nashika brashi ndogo na kupitia mataruma. Njia yetu ya zamani ina mataruma mengi ya chuma, kwa hiyo nayapa kahawia ileile iliyochanganywa na kijivu kidogo, na kila baada ya matano au sita nabadilisha mchanganyiko. Anayeunda SGR, reli mpya ya geji pana iliyozinduliwa mwaka 2017, kazi yake ni nyepesi hapa: mataruma ni ya zege, kijivu cheupe, yanafanana kama mayai ya trei moja.

Kabla rangi haijakauka kabisa, futa kichwa cha reli kwa kitambaa chenye spiriti kilichozungushiwa kipande cha mbao. Umeme unaingia kwenye injini kupitia hapo, na rangi huuzuia. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, ziba kwa utepe ncha za ndimi (vipande vya reli vinavyosogea) na mahali zinapogusa reli ya pembeni. Niliwahi kusahau ulimi mmoja tu, nikatumia wiki nzima kutafuta ubovu kwenye nyaya.

Sasa kokoto. Jiwe halisi la reli lina takriban milimita 50. Kwa kipimo changu hiyo ni milimita 0.4, ndogo kuliko punje ya sukari. Wengi huweka kubwa mno, na njia yao huonekana kama imejengwa kwa maboga. Malighafi iko hapahapa mjini: vumbi la machimbo, lile ambalo mafundi huchanganya na saruji. Omba kopo moja kwenye hadwea. Mimi sijawahi kudaiwa pesa. Lipitishe kwenye chujio la chai lenye matundu madogo (nunua la kwako, la nyumbani liache), kisha lioshe mpaka maji yatoke meupe, ulianike.

Halafu sumaku. Mawe ya Nairobi ni ya volkano, na ndani yake mna chembe nyeusi za chuma zinazovutwa na sumaku. Mota ya injini ya modeli ina sumaku yake, na kwa injini ndogo kama zangu inakaa milimita chache tu juu ya njia. Mzunguko wangu wa kwanza wa kokoto za nyumbani ulipendeza sana kwa mwezi mmoja. Kisha injini ikaanza kukwama na kunguruma. Nikaifungua, nikakuta gia zimejaa unga mweusi, na mota haikupona. Siku hizi natia sumaku kwenye mfuko wa plastiki na kuipitisha juu ya kokoto zilizotandazwa karatasini. Mfuko huota ndevu nyeusi. Unaupeleka mbali, unachomoa sumaku, ndevu zinaanguka. Narudia mpaka mfuko urudi mtupu, na kwa kikombe kimoja nimewahi kufika mara kumi na mbili.

Kuzimwaga ni kazi ya mkono mwepesi. Mimina kidogo katikati ya reli, sambaza kwa brashi laini, kisha gonga reli polepole kwa mpini wa brashi; punje zilizokaa juu ya mataruma hushuka zenyewe. Uso wa kokoto ubaki chini kidogo ya uso wa mataruma. Chini ya ndimi za pointi weka chache sana, au paka rangi ya kijivu tu na uachie hapo.

Gundi ni ile nyeupe ya seremala, nusu kwa nusu na maji. Ukiidondosha kwenye kokoto kavu, tone litakaa juu kama maji kwenye jani la nduma, kisha litaviringika na punje na kukuachia shimo. Kwa hiyo lowesha kwanza: maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kwenye chupa ya kupulizia, ukielekeza juu ili ukungu uanguke wenyewe. Kokoto zikishalowa, dondosha gundi kwa bomba la sindano na itazama bila kusukuma kitu. Usiguse mpaka kesho. Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ikikaza, ngoja siku mbili. Jaribu pia kwenye kipande cha ubao kabla ya njia yenyewe, kwa kuwa gundi hukoleza rangi ya jiwe hata ikikauka, na kijivu ulichokipenda kinaweza kugeuka lami. Faida ya gundi hii ni kwamba ukikosea, maji ya vuguvugu huilegeza.

Kipande changu cha Kibera kinahitaji hatua moja zaidi. Pale njia ni barabara ya watu, na udongo umejaza nafasi za mawe hadi mataruma mengine yamezama. Nachukua udongo mwekundu uliokauka, naupondaponda, naupitisha kwenye soksi ya nailoni, na kuupaka kwa brashi kavu katikati na kandokando, mzito zaidi kwenye vijia vya kuvukia. Nao hupitiwa na sumaku. Kwenye stesheni badala ya udongo naweka rangi nyeusi iliyozimuliwa sana, mstari mwembamba katikati ya reli pale injini zinaposimama.

Mwisho nafuta vichwa vya reli tena na kusukuma behewa moja kwa kidole, polepole, sikio karibu na njia. Punje iliyoganda ubavuni hujitaja: tik. Naing'oa kwa ncha ya kisu, nasukuma tena.