Mota si gofu

Kila picha ya mota, kilima cha majani kilichozungukwa na kondoo huko Wales, ikionyeshwa, hakosi mtu wa kusema: "Haya ni magofu ya ngome." Kisha mwingine anauliza mawe yalikwenda wapi, na wa tatu anajibu kwamba wanakijiji waliyachukua kujengea nyumba.

Mota ni kilima cha udongo kilichorundikwa na watu ili juu yake usimame mnara wa mbao. Walichimba handaki la duara, wakatupa udongo katikati na kuushindilia. Pembeni kwa kawaida palikuwa na ua uliozungushiwa magogo, wenye majiko, mazizi na makazi ya askari. Wanormandi, watu kutoka Normandia kaskazini mwa Ufaransa, waliingia Wales na ujenzi huu baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Mawe, basi, hayakuibiwa. Mara nyingi hayakuwepo kabisa. Hen Domen, mota iliyo karibu na mji wa Montgomery, ilijengwa na Roger wa Montgomery, bwana wa Kinormandi, katika miaka ya 1070. Mwanaakiolojia Philip Barker alianza kuichimba mwaka 1960, na kazi hiyo ikaendelea kwa miongo kadhaa. Walichokuta ni mashimo ya nguzo na alama za mbao zilizooza, ushahidi wa majengo yaliyosongamana na kujengwa upya mara kwa mara. Wanaodhani mbao zilikuwa za muda tu, hadi pesa za mawe zipatikane, waitazame hiyo: ilitumika hadi karne ya 13, na mfalme wa Uingereza Henry III alipotaka ngome ya mawe mwaka 1223 aliianzisha kwenye mwamba mwingine kabisa.

Wala si kila mota ni ya Wanormandi. Tomen y Rhodwydd ni ya Owain Gwynedd, mtawala aliyekuwa Mwales mwenyewe, aliyeijenga mwaka 1149. Ilichomwa moto mwaka 1157. Moto ulikula mbao, lakini kilima kipo hadi leo.

Neno "gofu" lina mahali pake. Pale Cardiff, mji mkuu wa Wales, juu ya mota, kuna ukuta wa mawe wenye pande 12 uliobaki bila paa. Huo uite gofu, hakuna atakayekubishia. Kilima kilicho chini yake hakijabomoka. Kiite mota, au kilima cha ngome ukipenda Kiswahili kitupu.